Simu Iliniambia Yuko Bonga

Jumapili, Bagara. Kumepoa, wingu limekaa tangu asubuhi na roho yangu imekaa nalo.

Mnaonisoma mnamjua Upendo wangu, sichoki kumtaja. Binti wa kwanza mtaa huu kusomea mitambo ya simu, sasa yuko kazini Dodoma. Ndiye aliyeniwekea kwenye simu ile ramani ya kuonyesha alipo. Kila aliyekuja kwangu nilimwonyesha: huyo hapo mwanangu, Dodoma!

Jana asubuhi jumuiya yetu ilisali kwangu. Nikafungua ramani nijisifu kidogo. Kidoti chake kikawa Bonga. Bonga, hapa jirani tu na kwetu, na mimi mama yake sina habari.

Jirani yangu Mama Safari akachungulia. "Mama Upendo, Dodoma imehamia Bonga siku hizi?" Wakacheka.

Ningempigia mtoto. Sikupiga. Ulipofika wakati wa maombi nikasimama na machozi, nikaomba tumwombee binti yangu anayejificha kwa mwanaume.

Nilisema hivyo. Mbele ya akina mama kumi na wawili.

Kisha nikapanda bodaboda mpaka Bonga, nikagonga nyumba ile ya kwenye ramani. Akatoka mzee. Hata shikamoo sikumpa, nikamfokea mwanangu yuko wapi.

"Mama, karibu kwanza ukae," akasema. "Hapa niko peke yangu. Nilikuwa na mpangaji, mwalimu wa kike, wiki iliyopita kahamia Dodoma na vitu vyake vyote."

Ndipo nikampigia Upendo. Yuko Dodoma, chumbani. Huyo mwalimu ndiye anayeishi naye sasa, na amekuja na kiboksi chake cha waifai. Akanieleza taratibu: simu ikiwa ndani ya nyumba hukisia ilipo kwa viboksi vya waifai vilivyo karibu. Hicho kilishazoeleka kuwa kiko Bonga, basi simu yake nayo ikadhani iko Bonga.

Jamani, kichwa cha mwanangu!

Halafu nikamwambia nilichosema kwenye maombi.

"Mama, si ungenipigia tu."

Akakata. Jioni kidoti kikatoweka kabisa kwenye ramani. Kakifunga mwenyewe.

Kesho nitapita kwa wale akina mama wote, mmoja mmoja, niwaambie nilimsingizia mwanangu. Nitaanza kwa Mama Safari, maana ndiye atakayecheka zaidi. Hilo nitaliweza.

Lakini Upendo hapokei simu yangu tangu jana. Akipokea, nitaanza na neno gani?