Kikombe cha Baba Kindness

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, naomba msaada wako. Mimi ni mjane wa miaka sitini na minne, naishi Machame, sina shida kubwa, ng'ombe anatoa maziwa na kahawa imechanua vizuri, ila juma hili nilitokwa na malengelenge ubavuni yanayochoma kama moto, zahanati ya Kwa Sadala wakasema ni mkanda wa jeshi, wakanipa vidonge vya asaiklovia na kuniambia ninywe maji mengi. Wifi yangu Elisifa alipoviona akasema, "Hivi vinakula figo. Umesahau kaka yangu alivyoondoka?" Sijasahau, mume wangu alifariki kwa figo mwaka juzi, na daktari alikuwa amempimia maji, kikombe kidogo cha bati chenye ua jekundu, naye alikuwa akinywa taratibu huku akinitania, "Mama Kindness, leo umenimwagia mto mzima." Basi nami nameza vidonge kwa maji ya kikombe hicho hicho, nusu tu, wala siongezi mengine, ili figo zangu zisichoke, na malengelenge yanakauka, lakini kichwa kinauma, nasikia kichefuchefu, na mkojo umekuwa mchache wenye rangi ya chai. Je, niache dawa?

Mama Kindness, Machame

Mama Kindness, pole kwa msiba, na pole kwa ubavu. Sasa nisikilize. Uliambiwa mambo mawili, ukashika la vidonge ukaacha la maji, tena ukidhani unajihurumia. Mumeo alipimiwa maji kwa sababu figo zake zilishindwa kuyatoa. Zako zinayahitaji ili zitoe dawa hii mwilini. Zikiyakosa, ndipo inapoweza kuzidhuru. Wifi yako alikuambia nusu ya habari. Nusu nyingine ni maji.

Kichwa na kichefuchefu huwapata wengi wanaomeza asaiklovia, na kwa kawaida hupita. Mkojo wa rangi ya chai usiusubiri. Kunywa bilauri nzima sasa, kisha leo hii shuka zahanati, mtu wa nyumbani akusindikize. Waeleze, wapime figo, wao ndio waseme kama dozi iendelee au ibadilishwe. Usiikate mwenyewe. Taja na dawa za maumivu unazomeza, maana baadhi huzielemea figo. Ukianza kuchanganyikiwa au mkojo ukikata, nenda hospitali moja kwa moja.

Kikombe kile kioshe ukiweke kabatini, mahali unapokiona. Mumeo alikunywa kidogo kwa sababu alinyimwa. Wewe usijinyime.