Mkono wa Kushoto wa Mjomba

Mgeta, Morogoro

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijapata kukuambia, nalo limo humu ndani. Nimelitaja mapema usije ukadhani hii ni barua ya salamu tu. Ninaomba ikukute mzima, na joto la Maskati liwe limepungua. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, mama mdogo Mwanvita anaota moto mchana kutwa, na mimi nimefunga shule. Barua anakuletea dada Mwaisha anayerudi kazini huko. Kwenye simu nisingeweza. Unajua maneno yanavyonikwama.

Habari za mazishi ya mjomba Mwinjuma ulipewa, lakini nadhani hukuambiwa ya watani. Bi Mwajuma alivaa kofia ya marehemu, akakumbatia mchi na kuukwaruza kwa fimbo kama mjomba na besi yake ya upinde. Akawauliza wafiwa, mtu gani huyu, amekwenda Ulaya kijana, karudi mzee na jeneza lake mgongoni, halafu tunamzika kwa sanda tu! Watu walikumbuka lile sanduku la besi, wakacheka huku wanalia. Kisha akasema masika haya marehemu alipiga vibaya, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Wakacheka tena. Mimi nilitoka, nikasimama nyuma ya banda la mbuzi mpaka nilipoitwa kubeba maji.

Mwalimu wa madrasa alinitaka niandike maisha ya mjomba yasomwe siku ya arobaini. Unayajua ya mwanzo: alivyombebea padri wa misheni ile besi, fidla kubwa kuliko mtu, akafundishwa kuipiga, akapata nafasi ya kusoma Ujerumani. Mengine aliniambia mimi. Katika okestra alikaa mstari wa nyuma miaka yote, na mwenzake wa kwanza alikataa kusoma noti za muziki kwenye stendi moja naye. Okestra ilipopunguza watu, alikuwa wa kwanza kupunguzwa. Aliporudi Dar alipiga kwenye karamu za hoteli, watu wakila na kuongea. Mwishowe alirudi huku Mgeta, besi ikiwa juu ya magunia matupu, kwenye lori la kabichi. Hakulalamika. Aliniambia watu hawaisikii besi mpaka inyamaze.

Mwanzoni mwa masika nilimkuta sakafuni, mdomo umepinda. Mdomo ulirudi sawa baada ya siku chache, lakini mkono wa kushoto ulikufa, na kwa mpiga besi huo ndio mkono unaotafuta sauti kwenye nyuzi. Nilitaka kukimbia kumwita mama mdogo. Akanikataza. Alisema Mwanvita akijua, na wewe utajua siku hiyohiyo, utavunja mkataba wako wa kazi, na ada yangu itakuwa imeishia hapo. Hospitali ya mjini alikataa kwa sababu hiyohiyo. Mkono akauweka mfukoni mwa lile koti lake la Ujerumani, na kwa baridi ya huku hakuna aliyeuliza.

Unakumbuka ulivyosema, ukisikia mkono wake umetetereka utapanda ndege. Kila Ijumaa ulipopiga simu nilikuwa naiweka juu ya stuli, wewe unasikiliza besi, halafu unasema kaka yangu bado imara, nitakuja mkataba ukiisha.

Mama, kaka yako hakuwa anapiga. Mwanzoni tulipiga wawili: yeye alivuta upinde kwa mkono wa kulia, mimi nikasimama ubavuni mwake nikibonyeza nyuzi kwa vidole vyangu. Baadaye hakuweza hata kusimama, mama mdogo tukamwambia ni homa. Nikapiga peke yangu, yeye kitandani ananionyesha kwa kidole, juu, chini. Ijumaa ya mwisho ulisema amepiga vizuri kuliko siku zote. Alikuwa amegeukia ukutani. Alikusikia, akalia bila sauti, na mimi sikuacha kupiga. Ningeacha, ungekuja. Ungemkuta hai.

Siku ya arobaini wazee wa ukoo walinikalisha mkekani wanipe jina lake, kama desturi yetu, mimi mtoto wa dada. Walisema nimemtunza vizuri. Niliomba ruhusa kwa kichwa tu, nikaenda kuileta besi, nikapiga kile kipande cha Ijumaa mbele yao wote.

Nilipomaliza, Bi Mwajuma ndiye aliyeongea kwanza, na safari hii hakutania. Alisema, hodi yenyewe ndiyo hii. Mama mdogo aliniuliza kama ni kweli, masika yote? Nikasema ndiyo. Alijifunika uso kwa khanga. Wazee walitoka nje wakakaa muda mrefu. Waliporudi walisema jina lisubiri, kwa kuwa aliyedanganywa ni dada wa marehemu, na yeye ndiye atakayesema kama ninastahili kuitwa Mwinjuma. Mama mdogo alitaka kukupigia palepale. Nilimsihi aniachie mimi, akakubali kwa sharti kwamba nikuandikie barua hii.

Nililegeza nyuzi, nikaifunika besi kwa koti lake, nikaifungia chumbani. Ufunguo nimempa mama mdogo. Ijumaa iliyopita ulipopiga simu ukauliza ninafanya nini, nikajibu naandika. Ilikuwa barua hii.

Mama mdogo anakusalimu sana, na Bi Mwajuma pia. Nisalimie wote wa huko wanaokutazama vizuri. Sitakulaumu ukikaa muda bila kupiga simu.

Mwanao,
Twalibu