Baba Amchambua Beki Mpya Mezani

Janelle, uko? Mwenzio nimeaibika hadi masikio yanawaka moto.

Unamjua Wiebe, yule beki ambaye timu yetu ya magongo ya barafuni imempata kwa kubadilishana na wale wa Manitoba? Timu ilikuwa inamtafutia nyumba ya kukaa, Mama kakubali akae kwetu msimu mzima. Na Baba hakuambiwa!

Baba karudi kutoka kazini, kamkuta mezani, bila helmeti hakumtambua, kadhani ni mgeni wangu. MGENI WANGU, Janelle!

Basi akaanza: "Kijana, umemwona huyo beki wetu mpya? Kwenye kushambulia, hana mpinzani. Pasi tamu, shuti kombora. Lakini kurudi kukaba sasa! Anarudi kama katumwa dukani."

Kama katumwa dukani!! Nampiga Baba teke chini ya meza, wapi. Kachukua kichupa cha chumvi: "Huyu ndiye yeye. Adui anapita hapa, mwenzetu bado yuko kule anashangaashangaa."

Wiebe akakisogeza kichupa mbali zaidi, hadi kwenye siagi. "Hapana, mzee. Nilikuwa huku."

NILIKUWA.

Baba kaganda. Kamtazama Mama, kanitazama mimi, kakitazama kichupa.

Hapo hapo Wiebe, kwa adabu zote, kanyoosha uma, kachukua pierogi ya mwisho sahanini, kile kiandazi cha viazi ambacho Baba alikuwa anakivizia tangu aketi. Baba hata mkono hakuinua.

Mama, bila hata kutabasamu: "Haya, Orest, na wewe ulitumwa dukani?"