Chembe Jichoni

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa utafiti alikuja shuleni. Anatafuta vijana, na akisikia pacha anachangamka zaidi. Unalala ndani ya mashine, unasikilizishwa visa, unabonyeza kitufe: nasema au nanyamaza. Wao wanatazama ubongo unafanya nini wakati unaamua jema na baya.

Injinia alinyoosha mkono kabla daktari hajamaliza kuongea. Injinia ni pacha wangu. Jina kajipa mwenyewe, tangu aanze kushinda kwenye karakana ya mjomba akichomelea mageti. Mama kakubali. Kasema labda wataona kama huo ubongo wenyewe upo.

Jumamosi, 8 Machi

Zamu yangu leo. Dada wa mashine alinivua kila chenye chuma, hadi vibanio vya nywele. Una chuma mwilini? Pini? Chembe jichoni? Nikacheka – jichoni! Yeye hakucheka. Ile mashine ni sumaku kubwa, akasema, na chembe ndogo tu ikisogea inaweza kulikata jicho kwa ndani. Mtu anaweza kupofuka.

Kicheko kikaniishia.

Mwezi uliopita Injinia alikuwa anasaga geti bila miwani ya kazi. Kitu kikamrukia jichoni. Mjomba alimwosha kwa maji, jicho likawa jekundu, mama akaambiwa vumbi. Mimi nikaapishwa. Mama akijua, karakana basi. Na Injinia bila karakana – huyo mtu simjui.

Ndani ya mashine ni kugongwagongwa tu. Visa vyepesi. Rafiki kaiba majibu ya mtihani – nasema. Jirani kasingiziwa – nasema. Nikajiona malaika. Kisha: ndugu yako amekuomba umfichie jambo linaloweza kumdhuru. Kidole kikaganda. Swali likapita.

Daktari baadaye: moja hukujibu. Nikasema nilisinzia.

"Mh," akasema. "Picha itatuambia."

Jumapili, 9 Machi

Nimemweleza Injinia habari za sumaku. Eti kilitoka na maji. Umejuaje? "Jicho langu au lako?" Jitoe basi, nikamwambia. Akasema akijitoa mama atauliza kwa nini, na mama akianza na kwa nini moja hamalizi hadi apate zote. Hapo kasema kweli. Halafu anataka sana kuiona picha ya ubongo wake, aitundike karakana.

Kichwa kigumu. Nimemkasirikia, na ninaogopa.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha mashine.

Injinia alivua saa, mkanda, funguo. Dada akauliza maswali yake yale yale. Chuma jichoni? Hapana, akajibu, wala sauti haikutikisika. Akanikonyeza – kwa jicho lile lile! Akaingia. Mlango ukaanza kufungwa.

Kule ndani nilibonyeza nasema, nasema, kama mtu anayekamua ndimu. Hapa hakuna kitufe. Niliwaza karakana. Niliwaza mama. Niliwaza yeye akipapasa ukuta wa nyumbani kutafuta mlango. Wangenipiga picha wakati huo ndipo wangepata utafiti wao.

"Dada, ana chuma jichoni."

Sauti ilitoka ndogo, hakusikia. Nikarudia. Nadhani korido nzima ilisikia.

Wamemtoa. Wamempiga picha ya eksirei ya macho kwanza, tunasubiri. Mama kapigiwa simu, yuko njiani, na mjomba naye ataitwa kujieleza. Injinia kakaa mwisho kabisa wa benchi. Kaniambia neno moja tu tangu pale: "Kikulacho ki nguoni mwako."

Daktari kapita. Kauliza kwa upole ni nini kilichonifanya niseme. Sijui, nikamwambia. Safari hii sikudanganya.

Kama hakuna kitu, nimemnyang'anya karakana bure. Kama kipo – sitaki hata kuandika.

Dada wa mashine katoka na picha mkononi. Mimi hanitazami. Anamtazama Injinia tu, na anaongea taratibu mno.

"Njoo ndani, mdogo wangu. Na tafadhali, usilisugue hilo jicho."

Injinia kasimama. Hajaenda. Kanigeukia.

"We unakuja, au unaandika?"