Machozi ya Mwenye Nyumba

Jumatatu, 4 Machi

Besi amenunua jengo letu. Besi! Mtu niliyefanya naye kazi katika kiwanda cha uchapaji ujana wetu wote — mimi nikisahihisha prufu, kurasa za majaribio, yeye akipanga herufi. Tulichanga kununua santuri moja ya rege kwa kuwa hakuna aliyeimudu peke yake. Jina hilo tulimpa kwa sababu aliiga gitaa la besi kwa mdomo hadi msimamizi akamtoa nje. Leo ni mwenye nyumba. Wapangaji wote wa chini watoke mwisho wa mwezi. Mimi nibaki. Amesema kwa simu kwamba mimi ni ndugu yake. Nimekata bila kuaga. Sijapata kumkatia mtu simu maishani mwangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeipiga santuri, pande zote mbili. Nilitaka initulize. Wapi! Gitaa la besi linaingia kwanza, polepole, kama mtu anayesogeza kabati zito chumba cha juu. Kisha gitaa linakatiza pale ambapo mguu haukulitarajia. Mwimbaji hapazi sauti hata mara moja. Anawaimbia waliofukuzwa makwao kana kwamba anawaita kwa majina. Lugha yake imevunjika kila mahali, nami sijawahi kuigusa kwa kalamu nyekundu, hata moyoni. Zamani nikiisikiliza nilijiona jasiri. Leo nimekaa katika chumba nilichoachiwa, nikatamani kuvunja kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekutana ngazini na fundi cherehani wa chini, mjane mwenye mabinti wawili. Midomo imebana pini. Akazitoa moja moja.

"Shikamoo, mzee. Muziki wako tumeusikia. Mtamu. Wa kufungia mizigo."

Nikamwambia sikuomba kuachiwa chumba.

"Hukuomba. Ila hukukataa."

Binti yake mkubwa akacheka waziwazi. Adabu hakuna! Nimemuuliza mama yake kama amezungumza na Besi. Ameenda kwake mara kadhaa; mlinzi humrudisha getini. Jioni nzima nimelitafuta kosa katika maneno yake. Halimo.

Jumamosi, 9 Machi. Alasiri.

Besi yuko sebuleni. Naandika jikoni, nasubiri maji ya chai yachemke.

Amekuja kuazima santuri, aipige siku ya kuzindua jengo lake jipya — hili letu. Nikasema tuisikilize kwanza. Ulipofika upande wa pili akasimama, mikono nyuma. Kiwandani ndivyo tulivyousikiliza — kwa kusimama, hata msimamizi akibweka. Hajasahau. Wimbo wa pili, machozi yakamtoka. Ya kweli! Hapo ndipo damu iliponichemka. Mnafiki ningemvumilia. Huyu anausikia muziki sawasawa na mimi, kila pigo, na watu atawatoa vilevile!

"Walituimbia sisi, kaka," akasema, akijifuta kwa leso.

"Sisi nani?"

Akafumba macho.

Nimemwita fundi cherehani kwa dirisha la jikoni. Apande. Mwenye nyumba yupo, na leo hana mlinzi. Mlango wa mbele nimeurudishia tu.

Wimbo wa mwisho umeanza. Nasikia viatu ngazini. Si vya mtu mmoja. Amewaleta wote! Besi bado amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu.

Maji yamechemka. Sijui nitoe vikombe vingapi.