Kiti cha Pili cha Mama Mlingoti

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila goti linanichezea shere.

Mwaliko wa kituo chenu cha polisi umefika. Kumbe tarehe ishirini mnawakumbuka askari waliofia kazini, na jina la mwanangu Mlingoti litasomwa kwa mara ya kwanza. Nitakuja. Wameniwekea viti viwili mbele, nami siku hizi hata kimoja sikijazi. Ukae na mimi. Wewe na yeye mlikuwa chanda na pete, nani mwingine nimwite?

Jana mchana nilijinyoosha kidogo, usingizi ukanichukua. Mlingoti akaingia, buti mkononi, maji ya mto yanamchuruzika, akainama mlangoni kwa urefu wake ule. Nikamwambia, "Futa miguu." Akacheka tu. Nilipoamka nilipapasa sakafu. Ilikuwa kavu.

Mama yako

9 Machi

Shikamoo Mama,

Sisi hatujambo. Pole na goti.

Siwezi kukaa pale kabla hujajua jambo. Siku ya mafuriko zamu ilikuwa yangu. Nilimwomba Mlingoti anishikie, nikamdanganya kwamba mtoto ana homa. Mtoto alikuwa mzima. Nilikwenda kutazama mpira. Mwenzangu aliingia mtoni mara mbili akatoa watu, mara ya tatu hakurudi, na mimi nashangilia bao.

Mwaka mzima unaniita mwanangu nami naitika. Siku hizi nikisimama kaunta naona kila kitu kama kiko chini ya maji. Watu wanakuja kuripoti simu zilizopotea, naona midomo inacheza tu.

Nijibu, hata neno moja.

Mwanao

17 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima. Sijapata jibu, na haki yako. Nitasimama kwenye gwaride na wenzangu.

Rafiki wa Mlingoti

24 Machi

Hujambo?

Mimi sijambo ya mdomoni tu. Barua yako niliisoma, hasira zikanipanda hadi goti likaacha kuuma. Maneno yaliyonijia sijawahi kumwambia mtu, ndiyo maana nikanyamaza.

Nilikuona kwenye gwaride. Ukungu ulikuwa haujainuka, kofia zenu zinaelea hewani, tarumbeta inalia kama iko ng'ambo. Mkuu wenu akaja kuniuliza, "Mama, hiki kiti kina mtu? Kuna mgeni kakosa pa kukaa." Nikamwambia kina mwenyewe, nikaweka mkoba wangu juu yake. Nilitaka ukione kitupu, kikuume.

Basi jina likasomwa. Mkono wangu ukaenda wenyewe pale kando kutafuta wa kumshika, ukakuta mkoba. Mlingoti najua aliko. Nilikuwa nakutafuta wewe.

Hasira bado ninazo, tena tele, na sijui zitaisha lini. Mwakani uje ukae. Usiniambie kitu, nishike tu mkono.

Mama yako