Injini Iliyochemka Ziwa Rukwa

Mwambao wa Rukwa, Momba
Machi 1998

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Natumaini huko Itumba mahindi yamesimama vizuri. Huku mvua imekata barabara ya Chitete, na mto umejaza ziwa tope.

Jumanne mwanao Ruti alishikwa na uchungu. Mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Barabara hakuna, basi mimi na mkunga tukampakia kwenye boti ninayoendesha.

Katikati ya ziwa injini ikaanza kuchemka. Nilitazama bomba la nyuma, halitemi maji ya kupoza injini. Nikazima, nikasafisha chujio lililojaa tope na majani. Bado. Kufungua pampu, nikakuta raba inayosukuma maji imekatika vipande, na nyingine hupatikana Tunduma tu. Nikaimwagia injini maji kwa ndoo, nikawasha, tukasogea kidogo, ikachemka tena.

"Rabson, mbona injini kimya?" Ruti aliuliza.

"Inapoa, mke wangu. Tunaondoka sasa hivi."

Injini ilikwama kabisa. Tukapiga kasia. Mtoto alizaliwa mle botini, lakini damu haikukoma, na Ruti akakata roho kabla hatujafika nchi kavu.

Tumemzika huku, mama. Hatukuwa na njia ya kumleta kwako.

Mtoto ni wa kike, mzima. Majirani wanamnyonyesha. Wananiambia nimshukuru Mungu, nami bado siwezi. Njoo, mama. Mtoto akilia namshika, na hanyamazi.

Mkweo,
Rabson